Msitu Ulioota Mawinguni

Hadithi hii nimeipata kwa fundi picha mmoja, na kukaa nayo peke yangu nimeshindwa. Isome mpaka chini, halafu mrushie yule rafiki yako anayependa njia za mkato. Unamjua.

Upande wa Tabora, kwenye mji mdogo wa warina asali, alikuwepo dada mmoja aitwaye Nyamizi. Kazi yake ilikuwa kuhariri picha kwa kompyuta. Unampelekea picha umesimama uani na kandambili, anakurudishia umekaa juu ya mwezi unakunywa chai. Kazi aliijua, hilo halina ubishi. Tatizo lilikuwa wateja.

Mjomba wake, mwenye chumba alichofanyia kazi, alikuwa amekwisha kumwambia, "Mama, mwezi huu ukiisha mambo yakiwa haya haya, naweka mahindi yangu humo."

Basi chama cha warina asali kikatangaza kazi. Walitaka picha ya kupamba kalenda na makopo yao ya asali, lakini si picha ya kawaida. Walitaka nchi ya maajabu: nyuki wakubwa, milima inayoelea, mito ya asali. Atakayeshinda angekuwa fundi wao kwa miaka mitatu. Muda ulikuwa siku kumi.

Wakajitokeza wawili, Nyamizi na jamaa mmoja aitwaye Sitta, mwenye kompyuta mpya inayong'aa.

Sitta alijifungia ndani siku zote kumi. Nyamizi je? Akaifunga kompyuta, akaingia porini na warina asali. Siku sita nzima! Siku moja akipita, Sitta akatoa kichwa dirishani, akamcheka mbele za watu.

"Dada, unatengeneza ndoto au unahesabu nyuki?"

"Tutaonana siku yenyewe, kaka," Nyamizi akajibu, akaenda zake.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Picha ya Sitta ikaangazwa ukutani, na jamani, tuseme kweli, ilikuwa nzuri! Kasri la dhahabu, farasi wenye mbawa, nyuki wakubwa kama mbuzi, na katikati bwana mmoja anatabasamu kando ya mzinga. Watu wakapiga makofi.

Mwenyekiti, Mama Kabula, aliyerina asali miaka arobaini, akasogea karibu akakunja uso.

"Huyu mwenye suti nyeusi ni nani?"

"Mrina asali, mama. Nimempendezesha kidogo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Baba, nyuki na nguo nyeusi hawapatani. Akisimama hapo dakika tano tutamzika na suti yake. Halafu moshi wake unakwenda kulia, nyasi zimelala kushoto. Huo ni upepo wa wapi?"

"Lakini mama, hii si ni ndoto tu!"

"Milima kuelea tumekubali. Nyuki kama mbuzi tumekubali. Ila sisi wenyewe humu hatumo."

Akaitwa Nyamizi. Akapita mbele jicho moja limevimba kwa kuumwa na nyuki, na wengine wakaguna. Kisha picha yake ikawaka ukutani.

Ulikuwa msitu unaoota juu ya mawingu, mizizi inaning'inia hewani, mto wa asali unapanda kwenda mbinguni. Nyuki nao walikuwa wakubwa kama mbuzi. Lakini mizinga ilikuwa ya magogo, imefungwa kwa kamba kama wanavyofunga wao, upande wenye kivuli, karibu na maji. Moshi ulifuata upepo. Vivuli vyote vililala upande mmoja.

Hakuna aliyepiga makofi. Nyamizi akageuka arudi kwenye kiti chake.

Ndipo Mzee Ndelembi, mrina asali wa siku nyingi, akainuka.

"Binti, msitu huo uko wapi?"

"Haupo, baba. Nimeutengeneza."

"Najua haupo, akili ninazo. Nakuuliza kwa sababu nimeshaona mti wa kutundika mizinga yangu miwili."

Mama Kabula akageukia ukumbi. "Kuna haja ya kupiga kura?"

Hakukuwa na haja. Nyamizi alitoka pale akiwa fundi wao, chumba kimebaki chake, mjomba atafute pa kuweka mahindi, na machozi yanamtoka kwenye lile jicho lililovimba bila aibu yoyote.

Funzo: Kubuni yasiyokuwepo si kisingizio cha kutoyajua yaliyopo. Ukitaka watu waingie kwenye ndoto yako, kwanza nenda ukajifunze wanavyoishi.