Ukili wa Msomaji

Mtu mmoja alikuwa na mama aliyewasomea majirani vitabu. Mtu huyo aliitwa Faki, naye alikuwa seremala mjini. Mama yake, Bi. Mize, alibaki kijijini katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Kila alasiri wanawake wa jirani walikuja barazani kwa Bi. Mize na miyaa yao. Wao walisuka majani hayo kuwa ukili, utepe mrefu unaoshonwa mkeka, yeye akawasomea. Mikono iliyoshika kitabu haiwezi kusuka, kwa hiyo ilikuwa ada ya baraza lile kwamba kila mwanamke, akiondoka, hukata kipande cha ukili wake akamwachia msomaji. Bi. Mize aliviunga vipande vile akashona mkeka. Hakuna aliyeona kwamba anampa sadaka. Alikuwa mtu mwenye kazi yake, na alikula jasho lake.

Kisha macho yakaanza kufifia. Mwanzo alisogeza kitabu mbali, baadaye karibu, baadaye akahamia ukingoni mwa baraza kuufuata mwanga. Walikuwa katikati ya hadithi mpya. Ndani yake mwanamke amepotea msituni na mtoto mgongoni. Daktari alisema nuru inayoondoka hairudi, lakini herufi zikiwa kubwa mama ataweza kusoma kwa muda uliobaki. Hakusema muda huo ni mrefu kiasi gani.

Faki akasikia habari za kitabu cha umeme. Ni kibao chembamba kinachobeba vitabu vya kabati zima, na herufi zake unazikuza upendavyo. Alifurahi sana, kwa sababu alimpenda mama yake. Msidhani nawasimulia habari za mtoto mbaya. Mtoto mbaya tungemlaani hapa, tukarudi makwetu tumeridhika na nafsi zetu.

Lakini seremala hupima mara mbili ndipo akate, na Faki akapima. Pesa alikuwa nazo. Msimtafutie udhuru huo. Aliuliza kama anunue kidogo au kikubwa. Mmoja akamwambia kidogo hakichoshi mkono, mwingine akamwambia kikubwa ndicho kinachowafaa wazee. Alipokata shauri la kikubwa, akaambiwa kipya kiko njiani, kisichodhuriwa na maji, akakingoja. Kilipofika, akasikia kuna kingine chenye mwanga wa manjano usioumiza. Akasema macho ya mama si ya kuchezea, akangoja tena. Wenzake karakanani walimsifu. Haraka haraka haina baraka, walimwambia, na hakuna aliyemkumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Ndivyo tulivyo. Mtu huokota methali ile inayomruhusu kukaa alipo.

Alimpigia mama yake simu mara kwa mara, msumeno ukinguruma nyuma yake. Sasa mnajua desturi yetu. Kwetu habari huwa njema kwanza, hata kama ndani kuna maiti. Ukiulizwa hujambo, ni sijambo, hata kama una homa. Shida huja nyuma, baada ya neno "ila," na anayekupenda hulingoja neno hilo. Faki aliuliza habari za macho, Bi. Mize akajibu njema. Faki akashukuru Mungu, akamwambia avumilie kidogo, kuna kitu kizuri anamtafutia, akakata simu. Mama alibaki na "ila" yake mdomoni.

Kule barazani, hadithi ya mwanamke wa msituni ilikuwa imesimama. Bi. Mize hakuweza tena kuisoma, na aliona haya kusema. Akarudia vitabu vya zamani, vile alivyovijua kwa moyo. Alifungua kitabu mapajani, akafunua kurasa, akasimulia kama anayesoma. Wanawake walitambua siku ile ile. Aliwahi hata kupita mwisho wa ukurasa bila kuufunua. Lakini walinyamaza, wakasuka, na jioni kila mmoja akakata kipande chake akamwachia, tena kirefu kuliko zamani.

Siku moja, katikati ya kusimulia, kidole chake kiligusa pembe ya jalada. Kitabu kile kilikuwa na pembe iliyoliwa na panya, juu upande wa kulia. Sasa aliigusa chini. Akajua kwamba ameshika kitabu juu chini tangu walipoketi, na wote wameona, na wote wamenyamaza. Alimaliza hadithi yake, akakifunga kitabu taratibu, na wanawake walipotaka kumwachia ukili, akaukataa. Aliwaambia ukili ule ni wa msomaji. Walimsihi, na jirani yake Bi. Riziki akalia mbele yake, lakini hakukubali. Tangu hapo hawakuja tena. Hawakumchukia. Walishindwa tu kukaa pale na kuondoka bila kumwachia chochote.

Faki alikuja na kitabu cha umeme kabla ya mvua za masika. Na kilikuwa kizuri, nawaambieni. Hakuna aliyechagua vizuri kumshinda. Kikubwa, chepesi, hakidhuriwi na maji, mwanga wake wa manjano. Alikuwa amekijaza vitabu, na ile hadithi ya msituni ilikuwamo. Alimkabidhi mama yake mikononi, akaanza kukuza herufi. Mama akasema hazioni. Akazikuza tena, mpaka mistari mitatu ikajaza kibao, mpaka neno moja, mpaka ikabaki herufi moja peke yake, kubwa kama kiganja. Bi. Mize aliinamisha uso mpaka pua ikagusa kioo. Faki akajaribu sauti, maana kilikuwa na sauti pia, lakini ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka leo, akaizima.

Mama akakipapasa kibao kile kingo zote, kama anayekagua kazi ya seremala. Akasema, "Mwanangu, ungeniletea hata kibovu, wakati ninaona."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, Faki angepata nafuu. Alilia pale barazani, mtu mzima na ndevu zake. Kisha akachukua kitabu cha karatasi, akatafuta mahali hadithi ilipoishia, akaanza kumsomea. Mama alimsikiliza kidogo, akamwomba aache. Alisema hadithi ile waliianza wengi, naye hawezi kutoka msituni peke yake na kuwaacha wenzake ndani.

Leo wanawake wanasuka kwa Bi. Riziki, na hufungulia redio. Bi. Mize hushikwa mkono akaletwa. Sasa anasuka mwenyewe, kwa sababu vidole havihitaji macho, lakini ukili wake unapinda, maana mikono ile ilizoea kitabu. Hakuna anayemwambia kwamba unapinda. Kitabu cha umeme kimo kabatini, ndani ya boksi lake, hakina hata mkwaruzo. Kila Faki anapokwenda likizo hukitoa, akakitia chaji, akakirudisha.

Ndugu zangu, nimemaliza. Nawaachia swali moja tu. Ni nani nyumbani kwako aliyekujibu "njema" leo asubuhi, nawe ukaondoka kabla hajafika kwenye "ila"?