Pweza wa Simai Mizanini

Wahenga waliposema akiba haiozi, hawakukusudia nafaka ya ghalani peke yake. Hata kosa, likihifadhiwa vyema, huja likamfaa mwenyewe.

Muzna wa Mkunazini alikuwa hodari wa fizikia, ila kosa lake hakupenda kuliona mara mbili. Karatasi yenye alama nyekundu aliichana vipande vipande. Babu yake, Mzee Salem, mwalimu mstaafu, akampa daftari la jalada gumu, akamwamuru aandike humo kila kosa, na chini yake sababu.

"Wenzio waweka dhahabu, wewe waweka aibu," dada yake Tamima alimtania.

Jumamosi moja lilimshinda swali hili: mzigo umefungwa kwenye kamani, yaani springi, ambayo bado haijavutwa, ukaachiwa ghafla, utashuka kiasi gani? Muzna alilinganisha uzito wa mzigo na mvuto wa kamani, akapata sentimita kumi. Babu aliliona kosa. Alimchukua hadi soko la samaki, Darajani, kwa Simai wa Matemwe, muuza pweza mwenye mizani ya kamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mtundike huyo pweza, umshushe polepole."

Mshale ukatambaa hadi kilo moja, ukatulia.

"Sasa mwachie ghafla."

Mshale ukaruka hadi mbili, ukarudi, ukayumba, kisha ukatua kwenye moja.

"Laiti ungeganda pale kwenye mbili," Simai alisema, "ningekuwa nshajenga ghorofa."

Muzna hakucheka. Alikuwa ameona: mshale ulipopita kilo moja, pweza alikuwa bado na mwendo, na nishati ya mwendo haipotei, ilimsukuma chini mpaka kamani ikaihifadhi yote. Jioni aliandika daftarini: *Pale nguvu zinapolingana sipo mwendo unapokoma.*

Miezi mitatu baadaye alikaa kwenye mtihani wa kuwania ufadhili wa masomo ya sayansi. Nafasi ilikuwa moja tu, na baba yake hakuwa na uwezo wa kumsomesha zaidi. Swali la mwisho lilikuwa la kamani, lenye mzigo wa kilo mbili ulioachiwa ghafla. Kalamu yake ilishaanza kulinganisha uzito na mvuto, mara akauona mshale ukiruka. Akafuta. Akalinganisha nishati iliyopungua kwa kushuka na ile iliyohifadhiwa na kamani. Sentimita arubaini.

Nje, watahiniwa wote walitaja ishirini.

"Arubaini?" alishangaa Badria, aliyezoea kuongoza darasa. "Pole, shoga yangu."

Muzna alirudi nyumbani akiwa mnyonge kama kifaranga aliyenyeshewa. Alisubiri wiki mbili. Matokeo yalipotoka, jibu sahihi la swali lile lilikuwa moja tu, na lilikuwa lake. Nafasi nayo ikawa yake.

Tamima alimkumbatia akilia. Mzee Salem alisafisha miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Daftari limebakiza kurasa ngapi?" aliuliza.

"Thalathini, Babu."

"Basi endelea kuweka, mjukuu wangu. Akiba haiozi."