Kona ya Kushoto

Siku Regis Hrabovsky alipofariki, theluji ilikuwa imelala juu ya mapaa yote ya Pittsburgh. Majirani walitoa viti vya jikoni wakavipanga barabarani, mbele ya nyumba yake, ili waombolezaji wapate mahali pa kuegesha magari. Hakuna aliyethubutu kuvigusa, maana katika mji ule kiti kilichowekwa barabarani huheshimiwa kuliko askari. Mjane wake, Bernadine, aliviona kupitia dirishani. Aliliona pia gari la marehemu, Buick ya kijivu, limetulia kama ng'ombe aliyefiwa na mchungaji. Mwaka ukapita na ziada bila yeye kuligusa. Leseni yake mwenyewe ikaisha muda, asijali.

Wahenga walinena kwamba ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Walimaanisha kuwa mgeni hufuata desturi ya wenyeji, hata kama ile ya kwao anaiona bora. Bernadine hakuukataa ukweli huo. Alichelewa tu kuukubali.

Binti yake Maureen, muuguzi katika jimbo la Virginia, alikuja kumchukua. Mara tu baada ya kuhamia huko, Bernadine aliweka kiti mbele ya nyumba ya bintiye ili Maureen akirudi kazini akute nafasi. Jirani mmoja akakirudisha barazani kwa adabu, akauliza kama kinatupwa, kwani yeye angekihitaji.

"Mama, huku hata ukiweka kabati watalibeba," Maureen alimwambia huku akicheka.

Gari lilikaguliwa, likasajiliwa upya na kupewa namba za Virginia, moja mbele na moja nyuma. Kwao, katika jimbo la Pennsylvania, namba ya nyuma pekee ilitosha, basi Bernadine akanung'unika kwamba Buick imevishwa hereni puani. Hayo yalipita. Lililobaki lilikuwa leseni. Kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imelala kwa muda mrefu, aliambiwa atahiniwe upya kama mwanafunzi, kwenye maswali na barabarani. Maureen naye alisema bayana kwamba kazi ya zamu haimruhusu kumpeleka mama yake kila mahali, wala hawezi kulipia bima ya gari lisilo na dereva. Akishindwa, gari litauzwa.

Kiti cha dereva kilikuwa bado kimebonyea kwa umbo la mgongo wa Regis. Kaburi lilikuwa limebaki mbali. Kiti hicho ndicho alichokuja nacho.

Maswali aliyajibu vizuri. Barabarani aliketi na mtahini aliyeitwa Bwana Tolliver, mtu mpole wa maneno machache. Alifunga mkanda, akatazama vioo, akaenda ametulia kama maji mtungini. Wakafika njia panda yenye taa, na mtahini akamwambia akate kushoto. Nchini kwao magari hupita upande wa kulia, hivyo anayekata kushoto huikatiza njia ya wanaokuja. Sheria humtaka angoje. Lakini Pittsburgh wana desturi yao: taa ikigeuka kijani, wanaokuja humpisha kwanza yule mmoja aliye mbele anayetaka kukata. Regis ndiye aliyemfundisha udereva, na desturi hiyo aliifunza pamoja na gia.

Taa ikageuka kijani. Mguu wa Bernadine ukakanyaga mafuta kabla hajafikiri. Lori lililokuwa likija lilifunga breki huku likipiga honi, likasimama hatua chache kutoka mlangoni pa mtahini.

Bwana Tolliver alimwelekeza aegeshe pembeni. Alisubiri mpaka pumzi zikawarudia wote wawili.

"Nani alikufundisha hivyo, mama?"

"Mume wangu. Kwetu anayekata kushoto ndiye hupishwa."

"Na yeye yuko wapi, nimwulize?"

"Nimemzika."

Mtahini alivua miwani. "Pole sana, mama. Lakini yule wa kwenye lori hakujua hayo. Angekuua, naye asijue kosa lake."

Alimfelisha, akamwambia anaweza kurudi tena.

Jioni ile Maureen alimkuta mama yake jikoni akikanda unga wa pierogi, vitumbua vya kwao vya kujazwa viazi, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Alisikiliza habari yote, kisha akasema labda sasa waliuze gari. Bernadine akamjibu kwamba sheria anaijua, tatizo ni kwamba kila taa inapogeuka kijani humsikia Regis akimwambia, "Nenda, Bernie, wanakungoja." Akibaki amesimama, huona kama anamfanya mumewe mwongo.

Maureen akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

"Baba? Mama, baba alikuwa anapisha kila mtu. Mabasi, wazee, mbwa. Misa tulikuwa tunaikuta katikati kila Jumapili, na wewe ukimwambia, 'Regis, kanyaga mafuta, hawa watu hawatakuoa.'"

Bernadine aliacha kukanda. Ilikuwa kweli. Kwa kila mara moja aliyopishwa Regis, yeye alipisha mara kumi.

Majuma yaliyofuata mama na binti walizunguka mji kila Maureen alipopata nafasi. Kwenye kila taa Bernadine alishika usukani akawaacha wanaokuja wapite.

Safari ya pili alipewa mtahini yuleyule na njia panda ileile. Taa ikageuka kijani. Likapita gari, likapita basi la shule, likapita lori. Wa mwisho alikuwa mzee aliyejikokota na trekta dogo la kukatia nyasi. Bernadine alimngoja mpaka akamaliza kupita, ndipo akakata.

"Umempisha hata yule," Bwana Tolliver alisema, kalamu ikitembea.

"Mume wangu angempisha," Bernadine akajibu.

Sasa Bernadine ana leseni ya Virginia, na kila Jumapili huendesha Buick mwenyewe kwenda misa, naye huchelewa. Aliyefika kwa wenye chongo hana budi kufumba jicho lake. Wahenga walisema alifumbe, hawakusema alitoboe.