Fisi na Tope la Dhahabu

Nina ngano, nina ngano!
— Itue, tuisikie!
Ina tope!
— Tutanawa!

Hapo kale Fisi alishikwa na tamaa ya dhahabu. Kila siku alisaga mawe, akayaosha bwawani kwa zebaki inayokamata dhahabu, na masalia akayamwaga humo humo, chwaa! Kisha akacheka.

Bi Konokono hakucheka. Bwawa lile ndilo lilikuwa jiko lake. Wanawe walikula mwani, ule utando wa kijani unaoota juu ya mawe, na zebaki ni sumu kwa mwani. Jiwe hili likapauka, jiwe lile likapauka, mpaka ukabaki mwani kidogo tu penye chemchemi. Watoto wakalia, "Mama, njaa!" Moyo ukamuuma.

Akajikokota kwa Fisi, buruu, buruu.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Sema upesi!"

"Nakuonea huruma. Zebaki unayoimwaga inazama na dhahabu yako. Yote imelala kwenye tope, nawe unaikanyaga tu."

Fisi mate yakamtoka. "Dhahabu yangu?"

"Yako, Bwana. Lakini ukiiosha hapa itazama tena. Lichote tope lote, ukalifiche kwenye pango la mwamba kule mlimani, ulilinde mpaka likauke."

Fisi hakungoja. Akachota, chubwi! Akapanda mlima, hee! hee! hee! Akarudi.

Kila alipopita, Bi Konokono alisema, "Asante, Bwana Fisi!"

"Asante ya nini? Hupati hata chembe!"

"Hata hivyo, asante."

Akachota, akapanda. Akachota, akapanda. Bwawani ukabaki mchanga mtupu, naye akajilaza mlangoni pa pango asije akaibiwa.

Masika yakaja, chemchemi ikafoka, maji yakang'aa. Mwani ukatambaa jiwe hadi jiwe. Watoto wakala, wakashiba, wakasinzia. Bi Konokono akatazama kule mlimani, machozi yakamlenga. "Asante, Bwana Fisi," akasema, na safari hii hakuwa na hila hata kidogo. Nani mwingine angekuwa na nguvu za kubeba sumu yote ile?

Fisi bado yuko pangoni. Tope halijamkaukia.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie mwenyewe. Na funzo lake ni hili: wanangu, kuweni na tamaa sana. Fisi angeridhika na alichonacho, Bi Konokono angemshukuru nani?