Jina la Mtoto Aliyerudi

Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna taratibu, maana leo sirudii. Hadithi yangu haina sungura wala fisi, na mwenye hamu ya kucheka aende kwa jirani. Ina watu watatu wa kijiji cha Mtimbwe, na mtoto mmoja ambaye hadi leo hana jina.

Wa kwanza ni Otmar, muuza mkaa. Huyu alipewa miguu. Mlima Kinyasi unaanzia mtoni unafika hadi zahanati, na kila mwenye baiskeli hushuka akasukuma, hata vijana wenye vifua. Otmar hashuki, hata akiwa na gunia zima nyuma. Watu walimtania: "Wewe hata siku ya kuzikwa utalikataa jeneza, utaomba baiskeli."

Wa pili ni Nesi Gaudensia. Huyu alipewa mikono. Zahanati yao si hospitali, lakini haijawahi kumwambia mtu njoo kesho. Ukikatwa na panga unashonwa, ukivunjika unafungwa, ukiwa na homa unatobolewa kidole unapimwa malaria, ukiishiwa maji mwilini unatundikiwa dripu. Yote hayo Gaudensia aliyafanya, ila sifa yake ilikuwa moja. Mshipa wa mtoto mdogo, ule ambao wenzake huutafuta mpaka jasho linawatoka, yeye aliupata kwa kupapasa tu.

Wa tatu ni Mama Osmundi, na huyu alipewa jicho. Akimtazama mgonjwa usoni alijua kama ugonjwa ule ni wa kulala nao au wa kukimbizwa. Akina mama walimpitishia watoto wao kwanza. Akisema "nenda sasa hivi," hawakurudi nyumbani hata kufuata kanga. Jina lake la kuzaliwa wengi hawalijui. Ni Mama Osmundi tu, kwa yule mwanawe wa pekee, ambaye alimpata baada ya kungoja mpaka majirani wakachoka kumuuliza.

Basi masika moja mtoto wa mwanamke mmoja, Kolumba, aliamka anahara na kutapika. Jua lilipopanda, macho yalikuwa yamezama na analia bila machozi. Baba yake yuko mbali, kwenye mashamba ya tumbaku. Mvua imekata barabara, pikipiki hazipiti. Kolumba akatoka njiani akipiga mayowe, na aliyetokea ni Otmar na baiskeli yake.

"Mfunge mgongoni kwangu, shemeji," Otmar akasema. "Wewe nifuate kwa miguu."

Akaupanda Kinyasi kwenye matope. Katikati ya mlima goti lake likafyatuka, akalisikia. Angeshuka, angechechemea, angefika jioni. Hakushuka. Alikanyaga kwa mguu mmoja huku akilia kwa sauti, na waliomsikia kutoka bondeni walidhani amefiwa.

Sasa, pale zahanati foleni si ya watu, ni ya kandambili. Ukifika unavua moja, unaipanga barazani nyuma ya za wenzako, halafu unakwenda kukaa ukutani. Siku hiyo mganga mfawidhi alikuwa amekwenda wilayani kufuata dawa, yupo Gaudensia peke yake. Kandambili ya mbele kabisa ilikuwa ya Mama Osmundi. Mwanawe alikuwa na homa, amejilaza mapajani mwake, anauliza kama akipona atapikiwa maandazi.

Otmar akafika, akavua yake yenye matope, akaiweka mwisho. Mama Osmundi akamtazama yule mtoto mgongoni kwake. Akainuka, akaichukua kandambili ya Otmar akaiweka mbele, yake akaivuta nyuma.

"Mama Osmundi, na wako je?"

"Wangu ana homa tu. Wangu atangoja."

Loo! Mmeyasikia maneno hayo? Mganga hajigangi, jamani. Jicho lililowaona watoto wa kijiji kizima, siku hiyo mtoto wake halikumwona.

Ndani, Gaudensia alikuta mishipa yote imelala, ya mikono na ya miguu. Akapapasa kichwani, akaupata mmoja, mwembamba kama uzi. Maji yakaanza kushuka. Lakini plasta haikushika kwenye nywele, na mtoto alikuwa anarusha kichwa, ikabidi sindano aishikilie kwa vidole vyake mwenyewe. Otmar alikuwa ameanguka barazani, hawezi hata kusimama.

Hapo mlango ukasukumwa. Mama Osmundi amembeba mwanawe, mtoto amekakamaa, povu mdomoni.

"Nesi, mtazame! Degedege!"

"Mlaze ubavu, mama. Nakuja. Nikiachia huyu sasa hivi mshipa unapotea, na hana mwingine."

"Nesi!"

"Nakuja, mama. Mungu wangu, nakuja."

Mtoto alipotulia, akaweza kuachia, akavuka chumba mbio. Osmundi alikuwa ameshakwenda. Wakati huohuo mtoto wa Kolumba akafumbua macho akaomba maji, na Mama Osmundi akayasikia maombi hayo akiwa amekaa sakafuni, bado anampepea wake kwa upindo wa kanga.

Niacheni kidogo. Nipeni maji ninywe.

Haya. Tangu siku ile Otmar hajapanda baiskeli, goti limekataa, mkaa anauza mkewe. Gaudensia mikono inamtetemeka, watoto wadogo huwaachia wenzake. Na Mama Osmundi akipita njiani huinamisha uso, hataki kumtazama mtoto wa mtu.

Mtimbwe wana desturi yao. Mtoto aliyerudi kutoka mlangoni pa kifo haitwi tena jina lake la kwanza, maana kifo kimeshalisikia. Jina jipya hulitoa yule aliyemrudisha, na mtoto huwa wake pia. Atamchotea maji uzeeni, na siku ya kumzika atatangulia kumwaga udongo. Anayetoa jina ni mtu mmoja. Wawili hawaruhusiwi.

Matanga yalipokwisha, Kolumba akawaita wote watatu uani kwake.

Otmar akasema, "Miguu yangu niliiacha pale mlimani. Kama nisingemfikisha, hiyo foleni angeionea wapi? Huyu ndiye miguu yangu."

Gaudensia akasema, "Mimi niliitwa, sikugeuka. Ningegeuka vipi na uhai wake uko vidoleni mwangu? Kila siku naisikia sauti ile. Nipeni nimwite huyu jina, nipate la kusikia jingine."

Mama Osmundi naye akasema, "Kutwa mnaniita Mama Osmundi. Basi Osmundi awepo. Mpeni jina hilo."

Kolumba akaanza kulia. "Dada, kwako sina la kukunyima. Lakini jina hilo nalo kifo kinalijua."

Chakula kilipoa, wakaagana.

Nawaona mnaotikisa kichwa, mmeshamwonea huruma mama. Polepole. Yeye alitoa zamu, hakutoa mtoto, na angalijua yatakayokuja asingalitoa. Ah, unanikunjia uso? Haya, niambie wewe: zamu isingetolewa, mikono ya Gaudensia ingemkuta nani, maiti? Na mikono isingekuwepo, Otmar angekuwa ameharibu goti lake kwa kupeleka maiti mlimani. Mimi nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na kila nikidhani nimepata jibu, namkumbuka mmoja wa wale wengine wawili.

Na mtoto? Amenenepa, anakimbia. Mama yake humwita "wewe," wenzake humwita "yule." Jina lolote likiitwa uani, la jirani, la mbwa, hata mtu akipita akiita "Mama Osmundi!", yeye huacha mchezo akainua kichwa, akidhani labda ni lake limefika.

Basi semeni, nyinyi wenye akili. Jina alitoe nani? Na mkishaamua, nani kati yenu atakwenda kuwaambia wale wawili waliokosa, wakati mtoto bado anangoja?