Kiti si Jina la Mkaaji

"Kiti si jina la mkaaji." Leo asubuhi mmemsikia Kabula akimwambia mwenzenu hivyo mbele ya seva, mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Mkicheka tena nikimaliza, nitajua mna mioyo ya mawe. Methali hii ilianza hivi.

Kabla ninyi mafundi wanafunzi hamjafika hapa, fundi mkuu wa redio yetu hii ndogo alikuwa Mihayo Lubeleje. Alikuwa fundi hodari, hilo halina ubishi, ila alijisikia kidogo. Seva, yaani ile kompyuta kuu ya redio, aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, na mtu akiikaribia tu yeye alikunja uso. Ndani yake mlikuwa na diski mbili za kutunzia kumbukumbu. Moja ilibeba sauti za wazee wa wilaya nzima, nyimbo zao, nasaba zao na wosia wao, na wengi wao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Nyingine ilikuwa ya takataka za kazi, vipande vya habari ambavyo vikishasomwa havina mwenyewe. Mihayo akaiagiza seva kwamba kila inapowashwa, ifute diski ya pili. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa ya takataka.

Sasa, seva ile ilizihesabu diski kwa namna zilivyoitika inapoamka. Iliyowahi iliitwa ya kwanza, iliyofuata ikaitwa ya pili, kama wageni wanaogombea viti arusini. Miaka yote diski ya wazee iliwahi. Kabula, fundi mwenzake, hakuipenda bahati hiyo.

"Kaka Mihayo," alimwambia, "kila diski ina jina lake la kuzaliwa, limeandikwa ndani yake, na halibadiliki hata ukiihamisha. Iagize seva kwa jina hilo."

"Jina lenyewe refu kama nasaba ya mtemi!" Mihayo akacheka. "Mimi na seva hii tunajuana, dada."

Kabula akarudi kwenye kazi yake. Mkubwa wa kazi ukimwonya mara ya pili anakuita mjuaji.

Ikafika siku diski ya tatu ikanunuliwa, tena kwa nia njema kabisa, ili sauti za wazee ziwekewe nakala. Kabula akaifunga mahali pake, Mihayo akawasha. Ile diski mpya ikawahi kuitika, ikashika nafasi ya kwanza. Diski ya wazee ikasukumwa hadi ya pili, na seva, kwa utiifu wake wote, ikaifuta. Haikutoa moshi wala mlio. Mihayo akaenda zake kunywa chai.

Mchana huo huo akaja Bibi Nshoma akiwa na shemeji zake, kaniki begani. Mumewe, Mzee Ng'wandu, manju wa ngoma aliyejulikana kote huku, alikuwa amefariki na angezikwa jioni. Desturi yetu mnaijua. Redio hupeleka spika msibani, na kabla udongo wa kwanza haujaanguka, marehemu huwaaga watu wake kwa sauti yake mwenyewe. Mzee Ng'wandu alikwisha kurekodi kwaheri yake, na mkewe alikuwa hajaisikia.

"Nimekuja kumchukua mume wangu," alisema bibi.

Mihayo akafungua diski ya wazee, akakuta tupu. Akafungua tena, tupu. Wafiwa walikuwa wamesimama mlangoni, na meneja akauliza kuna nini. Neno likamtoka Mihayo kabla hajalipima.

"Ni Kabula. Asubuhi kafunga diski mpya, kaharibu kila kitu."

Kabula alikuwa pale pale. Meneja akamwamuru aende nyumbani, naye akachukua mkoba wake akapita katikati ya wafiwa, kila jicho likimfuata. Bibi Nshoma akaketi sakafuni.

Wafiwa walipoondoka, wakitumaini sauti itapatikana kabla ya jioni, Mihayo akaichunguza seva ajue kilichotokea. Alikuta agizo lake mwenyewe limetekelezwa neno kwa neno. Kukosea kungemuuma kidogo kukaisha, maana fundi gani hajakosea? Kilichomchoma ni kwamba alimtwika kosa mtu yule yule aliyemwonya. Aliona aibu hata kuiangalia mikono yake. Akatoka mbio mpaka kwa Kabula, akamkuta jikoni anachambua maharage.

"Dada Kabula, nisamehe. Lilikuwa agizo langu."

Kabula hakuacha kuchambua. "Umenivua nguo uwanjani, unakuja kunivika jikoni?"

"Nifanye nini basi?"

"Walionisikia nikitajwa wako msibani."

Mihayo alikwenda. Njiani alitamani apate homa ya ghafla aanguke. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, spika imeshatundikwa, watu wamenyamaza wanamsubiri mzee wao. Akashika kipaza sauti.

"Jamani, sauti ya mzee haipo. Nimeifuta mimi. Kabula hana kosa. Nilimsingizia kwa kuogopa."

Watu wakaguna. Shemeji mmoja akamwendea amkunje shati, lakini Bibi Nshoma akainua mkono. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mumewe, kama mwenye mji anavyotakiwa.

"Mwanangu, hicho chombo kilichombeba mume wangu hakikuwa na jina?"

"Kilikuwa nalo, mama."

"Hukulijua?"

"Niliambiwa."

"Sasa ukakifuta kwa jina gani?"

Mihayo akainama. "Cha pili, mama. Kwa sababu kilikaa nafasi ya pili."

Bibi akakipapasa kile kigoda alichokalia.

"Jana hapa alikaa Ng'wandu. Leo nimekaa mimi. Je, nimekuwa Ng'wandu? Kiti si jina la mkaaji, mwanangu."

Kisha akaashiria wazike. Mzee akashuka bila kuaga, na kilichosikika ni udongo tu.

Diski ile ilipelekwa kwa mafundi wakubwa, hawakuambulia kitu. Mihayo na Kabula waliiagiza seva upya, kila diski kwa jina lake la kuzaliwa, na tangu hapo zikae zitakavyokaa, hakuna inayopotea. Wazee waliobaki tuliwarekodi tena. Waliokufa hatukuwapata. Bibi Nshoma bado hupita hapa siku za mnada. Mihayo akimwona anatafuta pa kujificha, na bibi humfuata huko huko alikojificha, akamsalimu kwa jina lake lote, Mihayo Lubeleje, na mtu mzima yule machozi humlengalenga.

Kwa hiyo mkiambiwa, msicheke. Kiti si jina la mkaaji.