Mbeleko Hufuliwa Kabla ya Mtoto

Mbeleko hufuliwa kabla ya mtoto. Mlimsikia Mwalimu Anselma akiwaambia hivyo jana, mlipolalamika kwamba mnafagishwa kanisa wiki nzima kwa ajili ya Misa moja tu. Mkacheka, mkadhani ameitunga mwenyewe. Hakuitunga. Ilizaliwa kwenye beseni la kufulia, hapa hapa Lipembe, na beseni lenyewe lilikuwa la Ediltruda Kapinga.

Ediltruda alikuwa na binti mmoja, Rozina, aliyeolewa kilima cha pili na kijana Zakaria, mtoto wa Bi Tabita. Huyo Bi Tabita alikuwa mlokole, mchapakazi, mkweli kupita kiasi, na neno likimfika mdomoni halirudi. Mwaka huo Rozina alikuwa na mimba ya kwanza, nanyi mnajua desturi yetu: mimba ya kwanza binti hurudi kujifungulia kwa mama yake. Ediltruda alikwisha kupaka chumba udongo mpya. Nguo za Rozina zilikwisha kuletwa, zimekunjwa juu ya kitanda, na majirani walichoka kusikia habari za mjukuu ambaye hajaonekana.

Sasa, kigango chetu kilikuwa na kosa lake. Kila tarehe nane Desemba waumini walisherehekea Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na kwa kuwa Injili ya siku hiyo ni ile ya malaika Gabrieli kumpasha Maria habari, wakaamini ndiyo siku Yesu alipotungwa mimba. Katekista alieleza, lakini nani alimsikiliza? Watu walikuwa wanawaza pilau.

Siku chache kabla ya sikukuu, Ediltruda alikutana na Bi Tabita kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kwa moyo mweupe akamkaribisha.

"Karibu tarehe nane, Mama Zakaria. Ni siku Bwana Yesu alipotungwa mimba."

Bi Tabita akatua debe lake la mahindi. "Tarehe nane anatungwa, tarehe ishirini na tano anazaliwa? Mimba gani hiyo, Mama Rozina? Hata kuku hulalia mayai wiki tatu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, Wakatoliki wenyewe wakiwamo.

"Na watu wasiojua mimba huchukua muda gani," Bi Tabita akaendelea, na sasa hakuwa akitania, "ndio nimwachie mkwe wangu ajifungue mikononi mwao? Hapana. Rozina atabaki kwangu."

Ediltruda alirudi nyumbani, akakaa kwenye kile kitanda alichomtandikia binti yake, akalia. Kicheko cha mashineni angekisahau. Chumba kile kubaki kitupu, hilo asingeweza kulisahau.

Siku ya sikukuu alikwenda Misa shingo upande. Watu walipotawanyika, akamngoja katekista, Mzee Osmundi, mlangoni.

"Baba Katekista, Yesu alitungwa mimba lini?"

"Tunaadhimisha Machi, tarehe ishirini na tano. Hesabu mpaka Krismasi, miezi tisa hiyo."

"Na leo je?"

"Leo ni Maria mwenyewe, alipotungwa tumboni mwa mama yake, Ana. Tangu hapo Mungu alimkinga na dhambi, kwa sababu angekuja kumzaa Mwanawe. Nasema kila mwaka, Mama Rozina. Ninyi mkisikia Gabrieli tu, vigelegele."

Ediltruda akaenda nyumbani na maneno hayo. Akafungua sanduku, akatoa mbeleko aliyombebea Rozina, akaitia kwenye beseni. Hakujua kama kuna mtoto atakayebebwa nayo katika nyumba ile, ila mikono ilitaka kazi.

Hajamaliza, Bi Tabita akaingia uani. Rozina alikuwa nyuma yake, tumbo mbele, macho mekundu.

"Hodi hapa. Tumekuja kuchukua nguo za Rozina." Kisha akaliona beseni. "Unafua nini?"

"Mbeleko."

"Mtoto yuko wapi?"

"Anakuja. Kwani wewe ungemfunga mjukuu wako na nguo chafu, ndipo uifue baadaye?"

"Mimi? Thubutu!"

"Basi, Mama Zakaria, hata Mungu hakutaka hivyo. Juzi nilikueleza nisichokijua. Leo si siku ya mimba ya Yesu. Tunakumbuka Mungu alivyomwandaa Maria tangu tumboni mwa mama yake, kabla Mtoto hajafika."

Lakini Bi Tabita hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Kumbe Maria wenu hakuhitaji Mwokozi. Alijisafisha mwenyewe."

Ediltruda akainua ile nguo, inachuruzika maji. "Uliona wapi mbeleko ikijifua?"

"Na kumwabudu je?"

"Nani aabudu mbeleko? Anayeabudiwa ni Mtoto. Lakini iliyombeba mtoto siigeuzi tambara la kufutia masizi."

Rozina ndiye aliyecheka kwanza, kashika tumbo. Bi Tabita akajaribu kukunja uso, ukamkatalia. Akapandisha kitenge, akashika upande wa pili wa mbeleko, maana nguo nzito ikilowa huwezi kuikamua peke yako. Mmoja akasokota huku, mwingine kule, maji yakateremka mpaka kwenye migomba.

"Kanisani kwenu siji," akasema Bi Tabita.

"Safari hii sijakualika."

"Lakini mwanamke anayejua kwamba mbeleko hufuliwa kabla ya mtoto, huyo namwachia mkwe wangu. Rozina, mwanangu, keti. Nguo zako zinabaki."

Ediltruda akalia tena, mbele yao, wala hakuona aibu. Kesho yake Bi Tabita mwenyewe aliisimulia mashineni, kwa sauti ile ile aliyomchekea mwenzake, na tangu hapo neno likashika.

Mtoto alizaliwa salama katika chumba kile. Alikuwa wa kike, na bibi zake wawili waligombania kumbeba kwa mbeleko ile. Wakamwita Anselma. Ndiyo, huyo huyo anayewafundisha kwaya. Haya, chukueni mifagio. Mbeleko hufuliwa kabla ya mtoto.